Sababu na Sharti

Biashara yenyewe naweza kuieleza kwa sentensi mbili. Nina besi ya nyuzi nne, Ibanez ya Kijapani ya miaka ya sabini, nakala ya Fender Precision, kutoka enzi ambazo viwanda vya Japani vilinakili magitaa ya Kimarekani. Kuna kaka mmoja wa Sinza ana Yamaha ya nyuzi tano, karibu mpya, na yuko tayari kunipa hiyo Yamaha na shilingi 400,000 juu yake ili achukue yangu.

Kila niliyemweleza amejibu vilevile: sasa unachowaza ni nini?

Nianze na upande ulio rahisi, yaani kwa nini nazihitaji nyuzi tano. Kazi zangu nyingi ni harusi, sendofu na ibada. Nyimbo za injili zinazopigwa siku hizi zimezaliwa kwenye kinanda, na kinanda kina kitufe kimoja cha laana. Mwimbaji akisema "shusha kidogo", mpiga kinanda anabonyeza mara mbili, vidole vyake vinabaki palepale na wimbo mzima unashuka. Mimi sina kitufe. Uzi wangu mzito kuliko yote, E, unatetema mara 41 kwa sekunde, na chini ya hapo sina kitu. Uzi wa tano, B, unashuka mpaka mitetemo 31. Wimbo ukitua kwenye D ya chini nalazimika kuruka oktavu nzima kwenda juu, na besi inayopanda wakati wimbo umekaa chini ni kama mtu aliyesimama juu ya kiti msibani: hakuna atakayemwambia kitu, lakini wote wanamwona.

(Spika za kumbi nyingi hata hiyo 31 haziitoi sawasawa. Sikio ndilo linalojaza: likisikia mitetemo ya juu ya noti fulani, linaongeza lenyewe ule wa chini ambao haupo. Kwa hiyo uzi ninaoutamani utasikika kwa kiasi fulani kwa sababu wasikilizaji watauwaza. Hilo halimzuii kiongozi wa bendi kuutaka.)

Kiongozi wa bendi ameshaniambia, kistaarabu, kwamba mwakani kazi zake ni za nyuzi tano. Katika mwezi wenye harusi nyingi, kazi zake ndizo kodi yangu ya nyumba.

Ipo njia nyingine ambayo wapiga besi wanaijua. Unavua nyuzi zote nne, unafunga B, E, A na D, unaisahau G. Fundi wangu alisema inawezekana, ila lazima achonge upya kile kipande chembamba kinachobeba nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa, maana mifereji yake haitoshi uzi mnene. Nilimwambia aache. Kama ni kuichonga mpaka isiwe yenyewe, afadhali nimpe mtu ikiwa nzima.

Sasa upande mgumu. Niliinunua 2019 kutoka kwa mzee mmoja wa Temeke aliyewahi kupiga besi kwenye bendi ya dansi ya shirika la umma. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukaza. Alikuwa na mteja mwingine, mgeni aliyekuwa anakusanya magitaa ya zamani, na mgeni huyo alikuwa amefika 900,000. Mimi nilikuwa na 300,000 na nilikwenda nikijua naenda kuiangalia tu. Mzee akanipa niipige. Akasikiliza kama nyimbo mbili bila kusema neno, kisha akaniuzia kwa kile nilichokuwa nacho. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Yule ataitundika ukutani, mwanangu. Wewe utaipiga."

Kama besi hii ina thamani ya kutosha kunipatia besi nyingine na pesa juu, sehemu kubwa ya thamani hiyo sikuilipia. Faida ninayotaka kuivuna Sinza haikutokana na ujanja wangu sokoni. Ni zile 600,000 ambazo mzee aliziacha zipite.

Kuna suala la ufa pia, ila hilo nililimaliza siku ya kwanza. Nyuma ya shingo, karibu na kichwa, kuna ufa wa zamani uliogundishwa kwa ustadi, usipoonyeshwa huuoni. Nilimwonyesha kaka wa Sinza, akashusha nyongeza hadi 350,000. Sheria ya Kiislamu ya biashara inamtaka muuzaji ataje kasoro ya bidhaa, na inampa mnunuzi haki ya kuirudisha akiigundua baadaye. Sijawahi kuona mtu wa dini nyingine akilipinga hilo, isipokuwa siku anayouza gari lake.

Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Siasa, anasema kila tunachomiliki kina matumizi mawili, na mfano wake ni kiatu. Unaweza kukivaa, na unaweza kukibadilisha kwa kitu kingine. Yote mawili ni matumizi ya kiatu, lakini la pili silo lililofanya kiatu kishonwe. Naupenda mfano huu kwa sababu unaniambia kitu kuhusu ukutani: besi iliyotundikwa haitumiki kwa lile la kwanza, inasubiri tu lile la pili. Lakini kiatu cha Aristotle hakina kumbukumbu. Hatuambiwi mwenye nacho alikipata wapi, kama alikilipia bei kamili, au kama alipewa nusu bure na mtu aliyeona uchungu kukiona kimekaa kabatini.

Vitu vyenye kumbukumbu vina tabia nyingine. Paul McCartney alinunua besi ya Höfner mjini Hamburg mwaka 1961, kwa takriban pauni 30. Mwaka 1963 akapata Höfner nyingine ya muundo uleule, akaendelea nayo miaka yote. Ile ya kwanza ikaibwa London mwaka 1972. Ukihesabu kama mtu wa viatu, hakuna kilichopungua: alikuwa na nyingine, na pesa za kununua kiwanda. Hata hivyo watu waliitafuta mpaka ikapatikana darini kwenye nyumba moja kusini mwa Uingereza, na Februari 2024 ikatangazwa kwamba imerudi kwake. Ilikuwa imeshaacha kuwa besi fulani, imekuwa *ile*. Yangu nayo ni ile. Tofauti ni kwamba mimi sikuifanya iwe hivyo. Nilipokelewa ndani ya habari zake ikiwa katikati.

Turudi kwenye ile sentensi ya mzee. Angesema "nakuuzia, ila usije ukamuuzia mtu", ningekuwa na neno la kulishika au kulivunja. Hakusema hivyo. Alinieleza kwa nini ananiuzia. Alinipa sababu, na sababu si sharti. Wakili yeyote angeniambia nichukue besi yangu niende Sinza kwa amani.

Lakini mambo yetu mengi hatuyapimi kwa wakili. Fikiria michango ya harusi. Unatoa 100,000, unapewa kadi, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba harusi ikivunjika utarudishiwa. Sasa ivunjike, halafu kamati igawane kilichobaki. Hakuna sharti lililokiukwa, na bado mtaa mzima utajua kuna ubaya umefanyika. Watu walitoa kwa sababu ya harusi. Harusi imekufa na pesa imebaki yatima.

Kisha chukua mfano mwingine. Baba anauza ng'ombe ili binti asome awe daktari. Binti anasoma, anafaulu, anaishia kupiga besi kwenye harusi za watu. (Huyo si mimi. Mimi nilisomea uhasibu.) Baba atanuna, na ana haki ya kununa hata miaka kumi. Ila sioni kama binti anadaiwa ng'ombe.

Nimekaa na mifano hii miwili muda mrefu kuliko inavyostahili mtu mwenye kazi Jumamosi. Ninachokiona ni kwamba mchango ulielekezwa kwenye tukio na ada ilielekezwa kwa mtu. Tukio likifa, kilichotolewa kwa ajili yake hakina pa kukaa. Mtu akigeuka kuwa mwingine, bado yupo, na alichopewa kimeshakuwa sehemu yake. Huwezi kumdai arudishe miaka ya shule kama sahani za kukodi.

Basi zile 600,000 mzee alizielekeza wapi? Kama alizielekeza kwangu, kwamba huyu binti apige, kubadilisha ni kulitimiza lile alilolitaka, maana bila nyuzi tano mwakani sitapiga sana. Kama alizielekeza kwenye besi, kwamba isitundikwe, kinachotakiwa ni kuipeleka kwenye mikono mingine inayopiga. Njia zote mbili zinafika Sinza. Hapo nikaanza kujishuku. Hoja ikikufikisha unakotaka kwa kila njia, angalia vizuri nani alichonga barabara.

Nikampigia kaka wa Sinza, nikamuuliza kama ataipiga. Akacheka, lakini hakunidanganya.

"Dada, mimi ni mtu wa kinanda. Hii nina mteja wake."

Mteja yuko wapi?

"Ujerumani."

Anapiga?

"Hilo sijui, dada. Ana nyingi."

Ana nyingi. Ukuta uleule, miaka sita baadaye.

Mwaka 1925 Marcel Mauss alichapisha insha yake maarufu kuhusu zawadi, na ndani yake kuna maelezo ya Mmaori mmoja wa New Zealand, Tamati Ranapiri. Anaeleza hivi, kwa maneno yangu: wewe unanipa kitu bila kupatana bei. Mimi nampa mtu wa tatu. Baada ya muda mtu huyo ananipa kitu kingine kama malipo. Hicho alichonipa si changu. Kimebeba *hau* ya kile ulichonipa wewe, na nikikaa nacho kitaniletea mabaya. Lazima kirudi kwako. Mauss aliifasiri hau kama roho inayosafiri na kitu na kutamani kurudi kwao. Baadaye Marshall Sahlins akasema hapahitajiki roho, kwamba Ranapiri alikuwa anazungumzia jambo la kawaida kabisa: faida iliyozaliwa na zawadi ni haki ya aliyeitoa.

Mimi ninavutwa na idadi. Watu watatu. Kwa nini Ranapiri alimhitaji yule wa tatu? Kwa sababu kati ya wawili mambo yanaweza kunyamaziwa. Mzee alinipa, nikapokea, nikasema asante, tukaendelea kusalimiana. Ni mpaka mtu wa tatu anyooshe pesa ndipo ile zawadi iliyokuwa imejificha ndani ya bei inapoonekana, tena kwa tarakimu. Kabla ya Sinza sikuwa najua mzee alinipa nini. Sasa najua mpaka shilingi.

Kwa hesabu ya Ranapiri, basi, nyongeza ile ni ya Temeke. Tatizo ni kwamba Temeke haipokei. Mwaka 2022, kazi zilipokuwa nzuri, nilimpelekea mzee 200,000, nikasema ni ya kumalizia besi. Hakukasirika. Alizirudisha mkononi mwangu, kisha akaniuliza kama nyumbani hawajambo, kwa mara ya pili, kana kwamba ndiyo kwanza nafika.

"Si umuulize tu kama unaweza kuibadilisha?" Rafiki yangu aliyenishauri hivyo anapenda mambo yaishe. Ila najua nitakavyojibiwa. Nitasema shikamoo mzee, naomba ushauri wako kuhusu besi. Atasema marahaba, mwanangu, besi ni yako. Adabu yake haitampa jibu lingine hata kama moyoni analo. Kwa hiyo swali langu halitakuwa swali. Litakuwa njia ya kumfanya anitie saini, ili siku besi ikitundikwa Ujerumani niseme mwenyewe aliruhusu.

Na kuna jambo lingine, ambalo nimelielewa kwa kufikiria maisha yake kuliko maneno yake. Bendi nyingi kubwa za dansi za Tanzania zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, halafu ikaenda chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ndiyo maana ikaitwa DDC. Jeshi, polisi na JKT walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Miaka ile ambayo fedha za kigeni zilikuwa adimu, gitaa la umeme halikuwa kitu cha kwenda kununua dukani. Mtu aliweza kusikika redioni nchi nzima na nyumbani asiwe na hata gitaa la kufanyia mazoezi. Na wanamuziki walihama sana bendi; wakihama waliondoka na vidole vyao, vyombo vikabaki.

Mzee aliwahi kunisimulia kwamba kwao besi iliandikwa kwenye daftari la stoo. Ukitaka kulala nayo, unaomba kwa maandishi. Siku aliyoacha kazi alikabidhi kila kitu, mpaka mkanda wa begani ambao alikuwa ameushona upya mwenyewe. Ibanez hii aliinunua baadaye, akiwa mtu mzima mwenye watoto shuleni, na ilikuwa besi ya kwanza maishani mwake ambayo hakuna mtu angeweza kumwambia airudishe.

Nikilikumbuka hilo, naiona bei ya 300,000 kwa jicho tofauti. Kumbe zaidi ya mbao na sumaku alinipa kitu ambacho yeye alikipata amechelewa: chombo kisichoombewa ruhusa. Nikienda kumwomba ruhusa sasa, nitakuwa nimemfanya mtunza stoo.

Kwa bahati Kiswahili kina kuaga. Mtu akiondoka husema "naomba kuaga", kana kwamba anaweza kukataliwa, na wote waliokaa wanajua hakataliwi. Anachoomba ni kuonekana akiondoka. Kwa hiyo Ijumaa nitapita Temeke na besi mgongoni. Nitamwambia inaenda wapi na nimepata nini, na Ujerumani nitaitaja pia. Akitaka kuipiga kidogo, ataipiga. Akiniuliza mara ya pili kama nyumbani hawajambo, nitasema hawajambo.

Ndiyo, naibadilisha. Nimefika hapo kwa kodi ya nyumba kuliko kwa Aristotle, na sioni aibu kulisema, maana mzee naye aliisikiliza mikono yangu kabla ya kutaja bei, na mikono hiyo inakula. Wala sidai kwamba kwa kuamua hivyo ile sentensi ya ukutani imenyamaza. Bernard Williams aliandika mwaka 1965 kwamba wajibu mbili zikigongana, ile ambayo hukuifuata haifutiki kwa sababu tu ulikuwa sahihi kufuata nyingine. Inabaki, na inakudai kwa namna yake. Yangu imebaki na shilingi 350,000.

Zawadi isiyopokelewa inakotoka, nilifikiri, labda inaweza kupelekwa mbele. Nikamwandikia kaka wa Sinza ujumbe mrefu. Anipe 80,000 tu ya nyuzi na fundi, zile 270,000 abaki nazo, ila besi asimpe Mjerumani. Atafute kijana anayepiga hapahapa, amuuzie kwa bei ya kijana. Akipata mtu aniambie jina. Kama hakupata ndani ya miezi sita, anijulishe kwanza kabla ya kuipeleka popote. (Mama yangu akisikia habari ya 270,000 atauliza nani ameniroga.)

Nikausoma ujumbe kabla ya kuutuma. Lilikuwa daftari la stoo. Lilikuwa na tarehe, jina la mpokeaji, na mahali pa kuomba. Mzee aliacha 600,000 na hakutaka kujua chochote baadaye. Mimi kwa chini ya nusu ya hiyo nilikuwa najinunulia mamlaka juu ya mtu niliyemjua wiki mbili. Tena mamlaka ya bandia, kwa sababu besi ikishavuka uwanja wa ndege nitaifuata na nini? Kilichobaki kilikuwa kumtendea kama nilivyotendewa. Nikaufuta, nikampigia.

Nikamwambia anipe 80,000. Akanyamaza, akidhani nimekosea tarakimu. Nikamweleza kuhusu Temeke, kuhusu 900,000 na 300,000, na kile mzee alichosema. Nikamwambia bei ninayompa inatoka hukohuko, na kwamba besi sasa ni yake.

"Sasa dada," akasema, "mimi hiyo habari unanipa niifanye nini?"

"Sijui, kaka. Mimi nimekaa nayo miaka sita."

Nilisikia kinanda nyuma yake, mtu anajaribu kodi moja mara nyingi. Kisha akauliza kama begi linakuja na besi au nalitoa. Nikamwambia linakuja. Ni Jumamosi, saa nne asubuhi, kabla sijaenda ukumbini.